Zawadi za Krismasi zinazosaidia wagonjwa: ununue kikapu, duka la asilimia, uchangie kwa jina la mtu au upeleke vitu wodini?

Mvua zikishaanza kupiga hapa Mbeya na soko la Mwanjelwa likaanza kujaa watu wanaotafuta nguo za watoto za sikukuu, simu yangu inaanza kupokea meseji za aina moja, dada mwaka huu nataka zawadi zangu zisaidie na wagonjwa, ninunue wapi? Mmoja ana laki, mwingine ana elfu ishirini, mwingine kapewa na ofisi hela ya zawadi za watu arobaini na hajui aanzie wapi. Nimeona niandike yote hapa ili kila mtu asome apime mwenyewe, maana jibu la mwenye elfu ishirini sio jibu la mwenye ofisi.

Mimi haya mambo yaliniingia kwa mdogo wangu. Alijifungua mimba ikiwa na wiki 31, mwezi wa Desemba, mtoto kilo moja na nusu. Pale wodini mtoto njiti anawekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, anafungwa na kanga, na kichwani lazima avae kofia maana joto jingi linapotelea kichwani. Sisi tulikuwa tumekuja na mabegi mawili ya nguo na hakuna hata moja iliyomtosha. Nesi akafungua beseni la plastiki lenye mfuniko akatoa kofia ya uzi ya njano, ndogo ya kumtosha chungwa kubwa, akamvisha, akasema tu hizi waliletaga kinamama wa kanisa. Uzi wa ile kofia haufiki hata elfu tatu, lakini wiki ile hakuna kitu mtu angetupa kikatufaa kama kile. Mtoto sa hivi anasoma shule ya msingi na kofia mama yake anayo mpaka leo.

Kwa hiyo nikiulizwa zawadi ipi nzuri huwa sianzi na uzuri wa zawadi, naanza na hela inaishia wapi.

Vipimo tutakavyotumia

Nimechukua njia nne ambazo watu wa huku wanazitumia kweli, na zote nazipima kwa elfu arobaini, maana ndio kiasi ambacho watu wengi wananiambia wametenga kwa mtu mmoja wa karibu.

Cha kwanza ni katika ile elfu arobaini shilingi ngapi zinamfikia mgonjwa au mlemavu mwenyewe. Cha pili anapata nini, yani ni matibabu, ni nauli, ni mshahara, ni sabuni. Cha tatu wewe utajuaje kama imefika. Cha nne, na hiki watu wanakisahau, yule unayempa zawadi atafungua nini siku ya sikukuu, maana bibi yako wa Tukuyu naye ni mtu na anasubiri. Cha tano ni usumbufu na muda, mabasi ya Desemba unayajua.

Njia ya kwanza: kununua bidhaa ya karakana ya hisani

Huku kwetu mfano unaojulikana zaidi ni Neema Crafts ya Iringa mjini, ilianzishwa 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, inafundisha na kuajiri watu wenye ulemavu, wanafuma, wanashona, wanatengeneza karatasi mpaka za kinyesi cha tembo, na mgahawa wao wahudumu ni viziwi. Ukikaa mezani unaandika unachotaka au unaonyesha kwa ishara, na ukishazoea unatoka umejifunza kusema asante kwa mikono. Mfano mwingine wa aina hii ni Mabinti Centre iliyoanzishwa na hospitali ya CCBRT kule Dar, wanawake waliotibiwa fistula (kuvuja mkojo baada ya uzazi mgumu) wakawa wanafundishwa kushona na kuchapa vitambaa ili wakirudi nyumbani wawe na kazi.

Alafu kuna vikapu vya Iringa vya milulu, vile vilivyosukwa na kinamama vijijini, hivi vinauzwa mpaka barabarani na sio vyote vina uhusiano na hisani. Ni biashara ya halali ya mama anayesuka na ni vizuri kumnunulia, ila usije ukamwambia mtu umechangia hospitali wakati umenunua kikapu stendi.

Elfu arobaini inaenda wapi? Hapa inabidi tuseme ukweli, sehemu kubwa inalipa malighafi na mshahara wa aliyetengeneza, na hiyo ndio maana yenyewe ya karakana. Mtu ambaye kijijini alikuwa anafichwa ndani sa hivi ana mshahara, analipa kodi ya chumba, anampeleka mwanae kliniki mwenyewe. Lakini kama moyo wako uko kwenye upasuaji wa mtoto fulani au dawa za kansa, kikapu hakitakufikisha huko moja kwa moja, na sio kosa la kikapu.

Kujua kama imefika ni rahisi kuliko njia zote, maana unaweza kuingia karakana ukamuona anayefuma. Mimi nilisimama nyuma ya dada mmoja kwenye kitanda cha kufumia, miguu haina nguvu lakini mikono inapitisha uzi kushoto kulia bila kuangalia, anaongea na mwenzake huku kitambaa kinakua. Nilinunua kitambaa cha meza na nikimpa mtu najua kabisa nampa kazi ya nani.

Anayepewa anafurahi, kitu kipo mkononi, kinakaa miaka. Ni nzuri sana kwa wakwe, kwa mwalimu, kwa mgeni anayerudi kwao, kwa mama mkubwa ambaye kadi tupu haitamwambia kitu.

Usumbufu ni umbali. Ukiwa Mbeya, Tunduma au Njombe inabidi uwe na mtu Iringa au uagize mzigo kwa basi, na wiki ya mwisho ya Desemba mizigo inachelewa, inabanwa, inalowa. Agiza mapema na uombe wafunge na nailoni.

Kitu kimoja nataka niongeze hapa kuhusu kadi. Watu wanadhani kadi ni kitu kidogo lakini UNICEF walianza biashara yao ya kadi za sikukuu mwaka 1949 na mchoro wa mtoto wa miaka saba wa Czechoslovakia, Jitka Samkova, aliyechora kuwashukuru kwa msaada uliofika kijijini kwao baada ya vita. Kadi moja ya mtoto ikageuka kuwa njia ya kukusanya hela dunia nzima kwa miaka mingi. Kwa hiyo kama una mwanao anayechora vizuri, kikundi chenu kinaweza kuchapa kadi hamsini stationari yoyote hapo mjini mkauziana, hela mkapeleka wodini. Kazi yake ni ya wiki moja.

Njia ya pili: duka la kawaida linalosema asilimia inaenda kwa wagonjwa

Hii inaongezeka mijini, duka la nguo, la vipodozi, supamaketi, unakuta bango, nunua kwetu msimu huu na sehemu ya mauzo inaenda kusaidia watoto hospitali.

Uzuri wake upo na lazima tuuseme vizuri. Haikuongezei gharama, ulikuwa unanunua tu hata hivyo, na wengi wakifanya kidogo kidogo inakuwa nyingi. Kule Marekani hospitali ya watoto ya St. Jude, iliyofunguliwa 1962 na ambayo familia haitumiwi bili ya matibabu, tangu 2004 wana kampeni ya msimu wa sikukuu ambapo maduka yanamuomba mteja pale kaunta aongeze kidogo. Inawezekana kabisa kufanya hivyo kwa uaminifu.

Ila piga hesabu. Amazon walikuwa na mpango wa aina hii kuanzia 2013 mpaka walipoufunga 2023, asilimia 0.5 ya ulichonunua ilienda kwenye taasisi uliyochagua. Kwa elfu arobaini yako asilimia 0.5 ni shilingi mia mbili. Duka likitoa asilimia 5 ni elfu mbili. Likitoa asilimia 10 ni elfu nne, na duka la mtaani kutoa 10 ya mauzo huku linalipa kodi na pango ni kitu kikubwa kweli. Sisemi elfu mbili ni ndogo, elfu mbili ni sabuni, lakini usinunue gauni la elfu arobaini ambalo hukulihitaji ukidhani umempa mgonjwa elfu arobaini.

Kuhakikisha ndio ugumu wa njia hii. Mwaka juzi niliingia duka moja, silitaji, bango zuri lina picha ya mtoto kalazwa, nikanunua viatu vya watoto wawili alafu nikamuuliza binti wa kaunta, mdogo wangu, hii hela mnapeleka hospitali gani? Akaangalia bango, akaniangalia mimi, akasema dada kiukweli sisi tumeletewa tu tubandike. Nikaomba namba ya msimamizi, nikapiga mara tatu, mara ya tatu nikaambiwa bado wanajadili itaenda wapi. Ilikuwa tarehe 22 Desemba. Mimi niliumia, sio kwa ile hela, niliumia kwa picha ya yule mtoto kubandikwa mlangoni na hakuna anayejua kama atapata kitu.

Tangu siku ile nauliza kabla ya kulipa na wewe uulize, ni asilimia ngapi, ni ya mauzo au ya faida (maana faida wanaweza kukwambia haikupatikana), ni hospitali au taasisi gani kwa jina, na itakabidhiwa lini. Duka lenye nia njema linakujibu hapo hapo na wengine wanakuonyesha barua ya makubaliano. Anayebabaika nunua kama umependa viatu, lakini usihesabu kama mchango.

Kuna jambo la zamani linalonifundisha hapa. Wazo la stempu ya Krismasi ya kusaidia hospitali lilitoka kwa karani wa posta wa Denmark, Einar Holbøll, aliyeona mizigo ya barua za sikukuu akasema kila bahasha ikibandikwa stempu moja ya ziada ya bei ndogo tungejenga hospitali ya watoto wenye kifua kikuu. Stempu za kwanza zikauzwa 1904, na 1907 Emily Bissell akalifanya Marekani, Delaware, kwa ajili ya kituo kidogo cha wagonjwa wa TB kilichokuwa kinataka kufungwa kwa kukosa dola 300. Ona, stempu ilikuwa ya bei ndogo kabisa ila kila mnunuzi alijua inaenda kwa nani na kwa kazi gani. Hicho ndicho cha kulidai duka la mtaani kwako.

Anayepewa anapata kitu cha kawaida alichokitaka, usumbufu haupo kabisa. Njia hii inamfaa mwenye bajeti iliyofungwa, ambaye hawezi kuongeza hata mia, na inafaa sana ofisi inayonunua vitu vingi kwa mpigo, maana mnunuzi wa zawadi arobaini ana nguvu ya kumwambia mwenye duka tuandikiane.

Njia ya tatu: kuchangia kwa jina la mtu, unampa kadi

Hapa hununui kitu, unatuma elfu arobaini kwa hospitali au taasisi na unamwandikia mtu kadi, shangazi, Krismasi hii tumechangia matibabu ya watoto kwa jina lako.

Kwenye kipimo cha kwanza hii inaongoza, inafika karibu yote, ukitoa makato ya kutuma na gharama za uendeshaji za taasisi yenyewe, ambazo ni haki yao maana hata mhasibu anakula.

Anachopata mgonjwa kinategemea umechagua wapi. Kuna hospitali za misheni za huku kwetu ambazo zimebeba watu tangu enzi za babu zetu, Igogwe kule Rungwe, Chimala, Isoko ya Ileje, Matema pale ziwani, Ilembula, Ikonda ya Makete, Tosamaganga na Ilula za Iringa. Kuna kituo cha Baylor hapa Mbeya kilichofunguliwa 2011 kwa ajili ya watoto na vijana wanaoishi na VVU, na mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada tuliona wote jinsi huduma za VVU zilivyotikisika, kwa hiyo usidhani wenye wafadhili wa nje hawahitaji elfu arobaini yako. Dar kuna Tumaini la Maisha wanaosaidia watoto wenye kansa pale Muhimbili watibiwe bure, na kuna CCBRT, ilianza 1994, wanatibu fistula, nyayo kifundo (nyayo zilizopinda tangu kuzaliwa), mdomo sungura, mtoto wa jicho.

Nikae kidogo kwenye fistula, maana inaonyesha hela ndogo inafanya nini. Mama anapata fistula akishikwa na uchungu muda mrefu mtoto amekwama na hakuna upasuaji karibu, anabaki anavuja mkojo, watu wanamkimbia. CCBRT walikuwa wanatibu bure kabisa lakini kinamama hawaji. Shida ikaonekana ni nauli. Mtu yuko ndani ndani huko Makete au Ileje, Dar ni zaidi ya kilomita 800, hana hata elfu tano, utamwambiaje matibabu ni bure? Kuanzia 2009 wakaanza kutuma nauli kwa M-Pesa, kwa mtu wa kijijini anayemtambua mgonjwa, anampandisha basi. Nauli tu, na kinamama wakaanza kufika. Mimi tangu nimeijua habari hii nikiona elfu arobaini naona tiketi ya basi la kutoka Mbeya.

Kujua kama imefika, hapa uwe macho. Msimu huu magrupu ya WhatsApp yanajaa picha za wagonjwa na namba ya simu chini. Wengine ni wa kweli kabisa na wana shida, wengine picha ni ya mtoto wa nchi nyingine. Hospitali ya serikali inapokea malipo kwa kontroo namba, hela inaingia mfumo wa serikali, sio simu ya mtu, kwa hiyo ukitaka kumlipia mgonjwa bili mwambie ndugu yake akupe kontroo namba ulipie moja kwa moja, na jina la taasisi linatokea kabla hujaweka namba ya siri. Kama humjui mgonjwa yeyote ila unataka kumlipia mtu aliyekwama, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, wao ndio wanawajua waliokwama na ndio wanaoshughulikia misamaha. Hospitali ya misheni iombe akaunti ya benki yenye jina la hospitali na udai risiti. Asasi iulize namba ya usajili, NGO zinasajiliwa chini ya Sheria Namba 24 ya 2002, mwenye usajili hakasiriki ukiuliza.

Sasa kipimo cha nne, hapa ndipo njia hii inapoyumba. Mwaka wa kwanza nilimpa mama mkubwa wa Tukuyu kadi, nimeandika vizuri, nimeeleza. Akasoma taratibu na miwani yake, akaikunja, akasema, ndaga fijo (asante sana kwa Kinyakyusa) mwanangu, Mungu akubariki, sasa na mimi kanga yangu iko wapi? Alikuwa hatanii, alikuwa ameshawaambia majirani mwanangu wa mjini anakuja. Nikaelewa kwamba nilichukua zawadi yake nikampa mtu mwingine bila kumuuliza, na hiyo sio sawa hata kama mtu mwingine ni mgonjwa. Mwaka uliofuata nilimpa kanga na ndani yake kadi, mchango elfu ishirini na tano badala ya arobaini, na ile kadi kaibandika ukutani karibu na kalenda ya kanisa.

Kwa hiyo kadi peke yake inafaa kwa mtu mwenye kila kitu, kwa bosi, kwa rafiki aliyewahi kuuguliwa na anajua, kwa ndugu walioko nje ambao kuwatumia mzigo ni gharama. Kwa mzazi kijijini, kwa mtoto, kwa dada wa kazi aliyekutumikia mwaka mzima, usifanye hivyo, wape kitu chao.

Usumbufu ni mdogo, dakika kumi na simu, hata tarehe 24 usiku inawezekana.

Njia ya nne: kununua vitu na kuvipeleka wodini

Hii ndio ya kwetu kabisa, kwaya, vikoba, wanafunzi, watu wa ofisini, wanakusanya hela wananunua vitu wanaenda kuwaona wagonjwa. Ukiwa Mbeya mjini wazazi na watoto wachanga wako hospitali ya Meta, wengine wako hospitali ya rufaa, na kila wilaya ina hospitali yake.

Elfu arobaini inageuka yote kuwa vitu, na ukinunua jumla vinaongezeka. Sabuni, pampasi za saizi ndogo, mafuta ya kupaka, kanga, beseni, ndoo yenye mfuniko. Huku kwetu kwenye baridi usisahau soksi na kofia za uzi za watoto wachanga, na mimi hili nitalisema kila mwaka.

Lakini hela inafika kwenye kitu gani, hilo linategemea kama uliuliza. Nilishawahi kumpigia sista wa wodi nikasema sista tunakuja Krismasi, tumepanga juisi na biskuti. Akanyamaza kidogo alafu akasema, dada yangu, njooni mnakaribishwa, ila juisi wiki ile tunaletewa mpaka tunakosa pa kuziweka, mkinipa sabuni ya unga na kanga kumi nitawakumbuka mpaka Pasaka. Na akaniambia kingine, tarehe 25 wanakuja vikundi vitano kwa siku, tarehe 10 Januari haji hata mtu mmoja, na watoto njiti wanazaliwa vilevile. Tangu hapo kikundi chetu tunanunua Desemba wakati watu wana hela na tunapeleka wiki ya pili ya Januari.

Kuna vitu usipeleke bila ruhusa. Dawa, hata kama zimebaki nyumbani na bado nzima, hospitali ina utaratibu wake na hata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa za msaada zinapofika ziwe zimebakiza angalau mwaka mmoja kuisha muda. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga pia hapana, yanaharibu unyonyeshaji na Tanzania ina kanuni zinazoyadhibiti, kama kuna mtoto anayahitaji daktari atasema. Chakula kilichopikwa muulize sista, kuna wagonjwa wa sukari, wa figo, wa upasuaji.

Kuhakikisha kwenyewe sio shida, umekabidhi mwenyewe, sista msimamizi anaandika kwenye kitabu. Shida ni picha. Naomba sana, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu mdogo wangu alipigwa picha na mtu ambaye hatumjui, akiwa amefungua kifua na mtoto, tukaikuta kwenye stetasi. Taarifa za afya za mtu ni taarifa nyeti kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata kama kusingekuwa na sheria, yule ni mama kalazwa. Piga picha ya vitu mezani na ya kikundi chenu nje, inatosha.

Anayepewa zawadi siku ya sikukuu hafungui chochote, na ndio maana hii inafaa zaidi kikundi au familia inayoamua kwamba mwaka huu hatupeani sisi kwa sisi. Kwa watoto ni nzuri mno, mtoto akichagua mwenyewe soksi za mtoto mwenzie sokoni anajifunza kitu ambacho hutamfundisha kwa mdomo. Usumbufu ni mkubwa, kukusanya hela, kununua, kubeba kwenye mvua, kupanga muda na hospitali, usijidanganye.

Kwa hali yako

Kama una mtu mmoja wa kumpa na ni wa kupenda kitu mkononi, bidhaa ya karakana, agiza kabla ya tarehe 10 kama uko nje ya Iringa. Kama kwake ni kijijini na hela haitoshi vyote viwili, kanga kwanza, kadi ya mchango ndani ya kanga hata kama ni ya elfu tano.

Kama unataka shilingi nyingi zaidi imfikie mgonjwa na aliyeandikwa kwenye kadi ni mtu mwelewa, changia kwa jina lake, na kama huna taasisi unayoijua vizuri anza na hospitali ya misheni ya wilayani kwenu, unaweza kuingia ofisini kwao ukauliza.

Kama bajeti ya sikukuu imeshaisha kwenye nguo na mchele, duka la asilimia lenye majibu manne linakutosha, na ukiwa ofisi ya watu wengi hilo lifikirie kwa makini zaidi au mgawanye, nusu vikapu kwa wafanyakazi, nusu mchango kwa jina la ofisi.

Kama mko kikundi na mna nguvu za kubeba, wodini, baada ya kumpigia sista, na ikiwezekana Januari. Kama mna hela lakini hamna muda, mwende ustawi wa jamii mlipie bili ya mmoja kwa kontroo namba mrudi nyumbani.

Na wapo wanaoniandikia kwamba dada mimi mwaka huu sina kitu kabisa. Ukiwa na miaka 18 mpaka 65, kilo 50 kwenda juu na afya nzuri, nenda Damu Salama ukatoe damu, Kanda ya Nyanda za Juu Kusini wako hapa hapa Mbeya, mwanaume anaweza kutoa kila baada ya miezi mitatu na mwanamke minne. Desemba ajali za barabara zinaongezeka na shule zimefungwa, na wanafunzi ndio wachangiaji wakubwa wa damu. Kunywa maji ya kutosha asubuhi, kula, vaa shati la mikono mifupi ndani ya sweta.